Goma: Fosi ikijaa, mhami asibebeshwe lawama peke yake

Katika kartie nyingi za mji wa Goma, ugomvi kati ya mwenye parseli na wapangaji huanzia chooni. Fosi septiki imejaa, maji meusi yanatoka chini ya kifuniko, na lawama inaangukia familia ya wahami iliyofika mwisho kutoka Masisi ao Rutshuru. Kisha choo kinafungwa kwa kufuli. Watoto wanajisaidia nyuma ya ukuta, na shida ya parseli moja inakuwa ya avenyu nzima.

Lawama hiyo si ya haki, na hesabu inaonyesha. Fosi si shimo linalokula kila kitu. Ni tangi la beto: uchafu mzito unazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwa tiyo kwenda shimo lingine lenye mawe, ambako ardhi inayanywa. Vijidudu vinaozesha sehemu ya tope, si lote. Linalobaki ni karibu lita 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Fosi ya lita 3000 iliyojengewa watu 6 inaweza kukaa miaka 4 mbele tope lifike theluthi moja, kiasi ambacho inapaswa kutapishwa. Watu wakiwa 24, ni mwaka mmoja tu. Hakuna aliyeiharibu. Mwenye parseli aliyegawa nyumba vyumba-vyumba, akapokea garanti kwa kila mlango, ndiye alipaswa kukumbuka kwamba fosi ilibaki ileile.

Tena Goma si mji wa kuchezea jambo hili. Chini ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, kuchimba ni kazi ya nyundo, na wengi wanaishia kwenye shimo fupi. Udongo mzuri huchuja maji machafu polepole. Nyufa za mawe zinayapitisha haraka bila kuyasafisha. Yanateremka upande wa ziwa Kivu, ambako akina mama wanachota kwa bidoni. Mji huu ulizika maelfu ya wakimbizi waliouawa na kolera mwaka 1994. Kwa hiyo yule anayengoja mvua ya usiku ili afungue fosi yake kwenye mtaro hafanyi ujanja wa maskini, hasa kama anapokea kodi ya milango kumi.

Wahami nao wana sehemu yao, ingawa mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Kijijini, choo cha shimo hutiwa majivu ili kupunguza harufu na nzi, na huko ni desturi nzuri. Ndani ya fosi majivu yanazama, hayaozi, yanajaza nafasi. Ni vilevile kwa mchanga wa kusugulia sufuria, pempasi, vitambaa vya hedhi na mabunzi ya mahindi. Maji mengi ya javeli yanaua vile vijidudu vinavyofanya kazi. Mwenye nyumba anayeonyesha mpangaji mahali pa kuanika nguo anaweza kumwambia na haya siku ya kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe inashushwa mpaka chini, na alama ya tope inaonekana inapotolewa. Lakini mtu yeyote asiingie ndani, hata kama fosi inaonekana tupu, hata kumtoa mwenzake aliyeanguka: hewa ya mle inaua kwa dakika chache, na anayekimbilia kuokoa hufa naye. Sigara na moto vikae mbali na kifuniko.

Inabaki pesa. Kutapisha fosi ni mzigo wa mwenye parseli kama vile kutengeneza paa, na angeweka kando kidogo cha kodi kila mwezi. Wenye parseli za avenyu moja wakiita gari pamoja, inawapa nguvu ya kupatana bei, na mkubwa wa nyumba kumi anaweza kuwakutanisha siku ya salongo. Mhami asiye na kazi asidaiwe franka. Anaweza kusaidia usafi wa choo na kulinda kifuniko kisiachwe wazi kwa watoto. Gari likiwa bado halijafika, maji ya kufulia na ya kuoga yasimwagwe kwenye fosi, na ile kufuli iondolewe mlangoni.