Nani mkali wa Safari Rally? Namba pekee hazitoshi

Ukizua ubishi huu kijiweni Mkwaja, jibu la haraka ni Shekhar Mehta: ameshinda mara 5, mwaka 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Björn Waldegård ana 4, Joginder Singh 3.

Ila cheki vizuri. Mwaka 1973 Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström. Kanuni ya kuvunja sare ndiyo iliyombeba. Enzi hizo walikimbia Pasaka, kwenye matope ya masika, maelfu ya kilomita. Sébastien Ogier, bingwa wa 2021 na 2023, alikimbia mbio fupi zaidi.

Aliyepita barabara ya vumbi ya Pangani–Mkwaja mvua ikinyesha anaelewa. Hesabu ushindi, halafu uliza: njia ilikuwaje?