Gari ya familia: tusiangalie bei ya kununua peke yake

Katika mikutano yetu ya siku hizi swali moja limerudi mara nyingi: zamu ya likelemba imefika, baba watoto naye ameweka kitu pembeni, familia inataka gari ndogo ya watu watano. Je, tuchukue Corolla, Premio, Allion, Mark II ao Nissan?

Ni swali zuri. Kwa familia nyingi za Bukavu, kisha kiwanja na nyumba, gari ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote tutakavyonunua. Makuta hayo hayo yangeweza kulipa minervali ya watoto kwa miaka. Kwa hiyo tusikubali rangi ya gari na maneno matamu ya komisioneri ndiyo yaamue mahali pa familia.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: bei ya gari si ile tunayompa muuzaji siku ya kwanza. Bei ya kweli ina vipande vitatu. Cha kwanza ni tofauti kati ya makuta tuliyonunulia na yale tutakayopata siku ya kuuza. Cha pili ni esansi itakayokunywa. Cha tatu ni piesi na kazi ya fundi. Gari inayoonekana rahisi leo inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote kisha miaka minne.

Tufanye hesabu pamoja

Hatuandiki hapa bei za soko, maana zinabadilika kila mwezi. Tuchukue namba za mfano, kama vile kwenye ubao wa darasa.

Tuseme Premio yenye injini ya lita 1,5 inauzwa dola 7500, na kisha miaka minne tunaiuza dola 5500. Tumepoteza dola 2000. Tuseme Mark II inauzwa dola 6000, lakini kisha miaka minne mnunuzi anatupa 3000 tu. Tumepoteza dola 3000. Siku ya kwanza tulifurahi kwamba tumeokoa dola 1500. Siku ya mwisho tunakuta tumepoteza dola 1000 zaidi.

Sasa tuongeze esansi. Familia inayotembea kilometa 1000 kwa mwezi, kupeleka watoto masomoni, kwenda kazini na sokoni, kwa gari inayokunywa lita 8 kwa kilometa 100 itahitaji lita 80. Kwa gari inayokunywa lita 12 itahitaji lita 120. Tofauti ni lita 40 kila mwezi, lita 480 kwa mwaka, lita 1920 kwa miaka minne. Kila mama azidishe lita hizo kwa bei ya esansi ya leo, na ataona mwenyewe mahali mbuzi wake watakapokwenda.

Fanyeni hesabu hii kwa bei za kweli mtakazoambiwa, kwa kila gari mnayoifikiria. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Gari zenyewe

Toyota Corolla ilianza kutengenezwa mwaka wa 1966, na ilipofika 2021 Toyota ilikuwa imekwisha kuuza zaidi ya milioni 50 duniani. Kwetu maana yake ni moja: piesi zake ziko kila mahali, na hakuna fundi asiyeijua. Ile iliyotoka kati ya 2000 na 2006 bado ni mzee anayefanya kazi vizuri. Ni nyembamba kidogo nyuma. Watoto watatu wanakaa, watu wakubwa watatu wanabanana.

Premio na Allion ni mapacha. Zote mbili zilitoka mwisho wa 2001: Premio ilichukua nafasi ya Corona, na Allion ilichukua nafasi ya ile Carina tunayoijua wote. Zilibadilishwa sura mwaka wa 2007, na kiwanda kiliziacha mwaka wa 2021. Chini ni gari moja: injini zile zile za lita 1,5, lita 1,8 na lita 2. Premio imepambwa zaidi ndani, Allion ina sura ya ujana kidogo. Muuzaji akiwaambia kwamba Premio ni ghali kwa sababu ina injini bora, mumwombe awaonyeshe bora hiyo iko wapi. Mkikuta Allion safi kwa bei ndogo kuliko Premio ya mwaka ule ule, chukueni Allion bila haya.

Nafasi ya nyuma ya mapacha hawa ni nzuri kuliko ya Corolla, na mizigo ya soko inaingia vizuri. Lakini angalieni injini. Katika zile za kwanza, injini ya lita 2 ya D-4 inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Inataka esansi safi. Sisi ambao siku za upungufu tunanunua kwenye bidoni za kadhafi kando ya barabara, tunajua usafi huo haupatikani kila siku. Kwa Bukavu, injini ya 1,5 ao 1,8 ya kawaida inatuliza moyo zaidi.

Mark II ya mwaka 2000 hadi 2004, na Mark X iliyoifuata 2004, ni gari za heshima. Zinakaa vizuri barabarani, viti vyake ni kama vya sebuleni. Lakini zina silinda sita, kuanzia lita 2 kwa Mark II na lita 2,5 kwa Mark X, na kiu yake mmekwisha kuiona kwenye hesabu. Tena nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, wakati Corolla, Premio na Allion za kawaida zinavutwa na ya mbele, palipo uzito wa injini. Mvua ikinyesha na njia za Kadutu ao Panzi zikigeuka utelezi, tofauti hiyo inaonekana.

Nissan Bluebird Sylphy, iliyoanza mwaka wa 2000, si gari mbaya. Mara nyingi muuzaji anaitoa kwa bei ndogo kuliko Premio yenye umri ule ule. Lakini kabla ya kushangilia tuulize: kwa nini anapunguza? Kwa sababu mji wetu ni mji wa Toyota. Piesi ya Sylphy inaweza kungojewa siku nyingi kutoka mbali, na siku ya kuuza, wanunuzi watakuwa wachache. Ikiwa mna fundi anayeijua na mnataka kukaa nayo mpaka izeeke mikononi mwenu, inaweza kuwafaa. Ikiwa mnafikiri kuiuza kisha miaka mitatu, muwe waangalifu.

Usukani wa kulia

Premio, Allion, Mark II na Sylphy zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ndiyo sababu usukani wake uko kulia. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, sawa na Rwanda na Burundi.

Hilo lina mambo mawili kwa familia. La kwanza ni usalama. Kwa usukani wa kulia, dereva akiwa nyuma ya lori haoni vizuri gari inayokuja mbele. Kwenye miteremko ya Ngomo, tunapoelekea Kamanyola na Uvira, jambo hilo si la mchezo. Tena mlango wa kushoto unafunguka katikati ya barabara. Watoto wazoee kushukia kulia tu, na ule ufungo mdogo wa watoto ulio kwenye mlango wa nyuma wa kushoto ufungwe kila siku.

La pili ni bei ya kuuza. Gari yenye usukani wa kulia itauzwa hapa ndani, lakini ng'ambo ya Ruzizi milango yake ni michache. Corolla iliuzwa duniani kote, kwa hiyo mnaweza kuikuta na usukani wa kushoto. Ikiwa ni safi na bei yake imezidi kidogo, ziada hiyo si bure.

Vya kuangalia kabla ya kutoa makuta

Tusinunue gari yenye kiyoyozi kikali na redio kubwa tukasahau mambo ya maana. Kwa orodha yetu, vya kwanza ni breki za ABS, mifuko ya hewa ambayo haijatumika, na mikanda ya viti vya nyuma inayofunga kweli. Kiyoyozi, kwa mji ulio karibu na mita 1500 juu ya bahari, si cha kwanza.

Nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mumlipe siku yake. Ni makuta madogo kuliko injini. Injini iwashwe ikiwa baridi, asubuhi. Moshi wa buluu unasema inakula mafuta ya injini. Gari ipandishwe mlima wa kweli, maana hapa kwetu mlima haukosekani, ili mwone kama gia otomatiki zinabadilika bila kupiga teke.

Namba za kilometa zisiwadanganye, zinarudishwa nyuma kwa urahisi. Gari inayosema imetembea kilometa 60000 tu, lakini kanyagio ya breki imeisha laini na kiti cha dereva kimechanika, inajisemea yenyewe.

Na msimalize makuta yote kwenye kununua. Bakizeni angalau sehemu moja ya kumi kwa mapine, mafuta ya injini, amotisere, asiransi na vinyeti. Barabara zetu hazingoji mwezi wa pili.

Karatasi na jina

Gari isiyo na karatasi safi haina bei ya kuuza. Kabla ya kulipa, namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma ilingane herufi kwa herufi na ile ya karte roze na ya karatasi za duane. Muuzaji awe ndiye mwenye jina lililoandikwa, ao awe na mkataba wa kila mtu aliyepitia gari hiyo mbele yake. Tukikuta mlolongo umekatika, turudi nyumbani.

Kisha kuna jambo ambalo wamama wengi wanaona haya kulisema. Makuta ya likelemba ni jasho la mama. Yakiingia kwenye gari, na karte roze ikaandikwa jina moja tu la baba, siku ya msiba ao ya mafarakano mama anaweza kuambiwa na ndugu wa mume kwamba hana kitu. Zamani sheria ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mikataba. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyobadilisha Kitabu cha Sheria za Familia cha 1987, iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kusikilizana. Kwa hiyo mama anaweza kununua, na anaweza kuandikwa.

Hatusemi mletee vita nyumbani. Tunasema mwongee mapema, kabla makuta hayajatoka, mkiwa mmetulia. Ikiwa gari itaandikwa jina la mmoja, basi mwandike karatasi ndogo inayoonyesha kila mtu ametoa kiasi gani, mtie sahihi wote wawili mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Mume anayependa nyumba yake hataogopa karatasi hiyo, kwa maana inamlinda yeye pia.

Kwa familia yenye watoto watatu ao wanne inayozunguka hapa mjini, sisi tungechagua Allion ao Premio ya 1,5, ao Corolla yenye usukani wa kushoto kama bei inaruhusu. Lakini chaguo letu lisiwafunge. Leteni hesabu zenu kwenye mkutano wa juma lijalo, na bei mlizoambiwa, bila majina ya wauzaji. Tutaziandika ubaoni na kuzisoma pamoja, gari moja moja.