Nani Alokuwa Akiteka Maji?

Naanza na swali nililoulizwa na mtoto wa miaka tisa, nikakosa la kumjibu.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Niliwachukua watoto wa dada yangu, tukapanda gari ya Bumbwini hadi Mangapwani kuwaamkia jamaa. Baada ya adhuhuri nikawateremsha pangoni. Ngazi zilikuwa zinateleza kwa unyevu. Kule chini kuna kiza na ubaridi, mizizi ya miti imeshuka juu ya jiwe kama kamba za ngalawa, na maji yametuama kimya. Nikawahadithia kama nilivyohadithiwa mimi. Zamani pande hizi palikuwa na shamba la Bwana Hamed bin Salim el-Harthy. Kijana wake mmoja, mtumwa, alikuwa akichunga mbuzi. Mbuzi akapotea, kijana akamsikia analia chini ya ardhi, akaifuata sauti, akaliona pango na maji yake matamu. Tangu siku hiyo watu wa shamba wakapata maji.

Yule mdogo wa kike akaniangalia. "Mjomba, na nani alokuwa akiteka maji?"

Nilinyamaza. Katika hadithi ile bwana ana jina, kijana ana kazi, hata mbuzi ana sauti. Lakini maji hayapandi yenyewe kutoka shimoni kwenda jikoni, na sote tunajua katika nchi hii mtungi hukaa kichwani mwa nani. Nimeisimulia hadithi hii tangu nina akili zangu, wala haijanipitikia hata siku moja kwamba wanawake hawamo.

Na hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Mabinti zetu tunawalea kwa hadithi zenye nusu ya mwanamke. Ama ni kizuri cha kuposwa, ama ni mama wa kambo na mchawi. Baina ya hao wawili, mwanamke mwenye kazi, mwenye rai, anayekosea na kujirekebisha, tumemtoa. Kisha tunashangaa binti akifika miaka kumi na tano hajui ajifananishe na nani.

Jioni ile tulikaa nyumbani kwa bibi yetu, umeme upo na televisheni imewashwa. Nikaitazama tamthilia saa nzima kwa makusudi. Alikuwamo mke aliyenyang'anywa mume, naye analia. Alikuwamo msichana wa mjini mwenye nywele za bandia, ndiye mnyang'anyi. Alikuwamo mama mkwe, njia yake ya kwa mganga haioti nyasi. Wanaume waliokuwamo walikuwa na kazi zao: mmoja daktari, mmoja mfanyabiashara, mmoja askari. Wanawake kazi yao ilikuwa moja tu, kumgombania mwanamume. Nikageuza uso nikamtazama mama mmoja wa nyumba ile aliyeketi mkekani. Siku ile aliamka alfajiri, akapika, akafua, akashuka pwani maji yalipokupwa akarudi na kombe, na hapo alipokaa kuangalia tamthilia vidole vyake vilikuwa vinasuka ukili bila ya yeye kuvitazama. Mwanamke wa namna ile kwenye kioo kile sijamwona.

Wako watakaosema hadithi ni hadithi, ya nini kuzichokoa. Nawaomba wanisikilize kidogo, kwani wazee wetu hawakuwa wavivu wa kusimulia kama sisi. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu hapa Unguja, alichapisha London ngano alizosimuliwa na watu wa hapa hapa. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Wengi tunaikumbuka: maskini anayepekua jaani anaokota kifedha, anamnunua paa, na paa kwa akili zake anamposea bwana wake binti wa sultani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia nyumba iliyojaa mali. Mara nyingi nimewasikia wasimulizi wakiishia hapo. Mke amepatikana, nyumba imepatikana, watoto wakalale.

Lakini ngano yenyewe haiishii hapo, na utamu wake wote uko mbele. Paa anaugua. Yule tajiri mpya anakataa hata kumtazama aliyemtoa jaani, anaamuru apewe chakula duni, na kila tarishi anayekuja anamrudisha kwa maneno ya dharau. Anayelia ni mke. Yeye ndiye anayemkumbusha mumewe fadhila, ndiye anayempelekea mgonjwa chakula kizuri na matandiko kwa siri. Paa anapokufa na kutupwa kisimani, mke ndiye anayemwandikia baba yake barua, na sultani anakuja kumtoa paa yule na kumzika kwa heshima. Mwisho wake mke anaota yuko kwao, akiamka yuko kwao kweli. Na mume anaota anapekua jaani, akiamka yuko jaani.

Tazama basi wazee walivyompa mwanamke nafasi. Dhamira ya ngano nzima iko moyoni mwake. Anajua kusoma na kuandika, anahukumu, na hukumu yake ndiyo inayosimama. Sisi tumemkata kiunoni tukambakisha bibi harusi.

Au wafikiri mwanamke mwenye kuandika ni wa ngano tu? Gari ile ile ya kwenda Mangapwani hupita Mtoni, palipo na magofu ya jumba alimozaliwa Sayyida Salme binti Said mwaka 1844. Watoto wa kike jumbani walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, akatoa kitabu cha maisha yake. Lakini muulize kijana wa leo habari za Salme, atakwambia ni yule aliyetoroka na Mjerumani. Mapenzi tumeyakumbuka, ule mfupa tumeusahau.

Siti binti Saad naye, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay akarikodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Sifa ya sauti yake twaijua, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Linalosahauliwa ni alichokuwa akikiimba. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu kisa cha kweli: mwanamke mgeni alitoka bara, akaharibiwa na kuuawa, mwenye kosa akatoroka, na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa shitaka la pombe. Siti alisimama mbele ya mji mzima na kuitaja dhuluma hiyo. Leo nyimbo nyingi tunazozipigia vigelegele harusini ni za mwanamke kumpasha mwanamke mwenzake, nani kaachwa na nani kapendwa. Sisemi mipasho ife, ina ufundi wake na nimeicheka. Nasema tulipokuwa na mtunzi wa kuikemea mahakama, tusitosheke na wa kumkemea jirani.

Najua jawabu nitakalopewa na waandishi wa michezo: "Watazamaji wenyewe wanayataka hayo, na wengi wao ni wanawake." Ni kweli wanatazama. Mwenye njaa hula kilichopakuliwa. Lakini kumwandika mwanamke mwenye rai yake kumewahi kujaribiwa na watu wetu wenyewe, tena kukafaulu. Said Ahmed Mohamed katika "Utengano" alimfungia Maimuna ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi ili sisi wasomaji tuzione kuta zile kwa macho ya binti, na lawama akaifikisha kwa baba aliyemfungia. Shafi Adam Shafi katika "Vuta N'kuvute" alimtoa Yasmin dukani kwa Bwana Raza, mume aliyempita umri mbali, akamfanya atafute maisha yake mwenyewe. Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hiyo ilioneshwa Toronto, na watu wakaja kumtazama msichana wa Unguja anayekataa. Wasomaji hawakukimbia, na watazamaji hawakulala.

Wengine watasema kumtaja mwanamke hadharani ni kumvunjia heshima. Hao nawakumbusha Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Hadithi za Mtume zilizopokewa kwake zapindukia 2,000, na masahaba walikuwa wakimwendea kuuliza. Nawakumbusha na Bibi Khadija na misafara yake ya biashara. Watu wa heshima kuliko hao ni kina nani?

Na kunyamaza kwetu kuna gharama. Mwendo si mrefu kutoka pango lile, Mangapwani ina chumba kilichochongwa chini katika jiwe, ambamo watumwa walifichwa baada ya soko la mjini kufungwa mwaka 1873. Wageni huoneshwa, hupiga picha, huhadithiwa habari za watumwa kana kwamba wote walikuwa watu wa namna moja. Ni wangapi huambiwa kwamba amri ya 1897 ya kufuta utumwa Unguja iliwaacha nje masuria, na kwamba wanawake hao walingoja hadi 1909? Miaka kumi na miwili. Hadithi isiyokuwa na wanawake inaweza kusema utumwa ulikwisha 1897, na msimulizi asijue kuwa amesema uongo.

Kwa hiyo nakuombeni, mama na bibi mnaosimulia usiku, msikatishe ngano harusini. Walimu wa skuli, mnapowapeleka wanafunzi pangoni, waulizeni swali la mpwa wangu. Nanyi vijana mnaotunga vichekesho vya kwenye simu, ambavyo ndani yake mwanamke ni mpenda fedha au mpiga kelele, mna mama nyumbani. Mkaeni naye siku moja kutwa, kisha muandike.

Mimi nimeanza kulipa deni langu usiku ule ule. Tamthilia ilipokwisha nilizima televisheni, na yule mdogo hakusahau swali lake. Akalipeleka kwa bibi, mzee aliyekuwa amejinyoosha pembeni akivuta tasbihi, tukidhani amelala.

"Bibi, kule pangoni nani alokuwa akiteka maji?"

Bibi akainuka akakaa. "Mama yangu," akasema. "Mama yangu akiteka kule, na mimi nikimfuata nyuma." Miaka yote naingia nyumba ile, sijapata kulisikia hilo, kwa kuwa hapana aliyemuuliza. Akaivua khanga yake begani, akaizungusha mkononi mpaka ikawa kata, akamwita mtoto asogee, akamwekea kichwani. "Shingo usiikaze," akamwambia. "Mtungi uliojaa hauogopi ngazi. Unaomwagika ni ule wa nusu."