Mjibuni mtoto, njia ya shaba anaijua

Na Ilunga Kabwe

Mtoto wa Manika, hapa kwetu Kongo, ambaye papa yake anaendesha kamioni ya shaba atakutajia Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, Botswana, hadi bandari ya Durban. Anayekaa karibu na reli anajua njia nyingine, ile ya Dilolo inayokatiza Angola hadi Lobito. Basi akiuliza kwa nini nchi moja inawaozesha wanaume wawili na nyingine inawatia gerezani, msimfukuze. Mfuatisheni njia hizo hizo.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, sheria iliyoachwa na Waingereza inatoa kifungo cha miaka 15 hadi maisha kwa mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2019 wanaume wawili walihukumiwa miaka 15 Zambia. Mei 2020 Rais Edgar Lungu akawasamehe. Kamioni ikivuka daraja la Kazungula, iko Botswana, ambako mahakama ilifuta sheria ya namna hiyo Juni 2019. Ikifika Durban, imeingia nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kukataza wazi katika katiba mtu kubaguliwa kwa sababu ya anayempenda. Huko ndoa za watu wa jinsia moja zinaandikishwa tangu 2006. Angola nayo iliondoa kosa hilo katika kanuni mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika Februari 2021. Mtoto wa miaka 10 ataona mwenyewe kwamba sheria hizi zimeandikwa na watu, na watu wanaziandika upya.

Kisha atauliza: na sisi je? Hapo wakubwa wengi husema uongo. Wanamwambia Kongo imekataza, kwisha. Ukweli ni kwamba hakuna kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Mbunge Ejiba Yamapia alileta mswada wa kuyafanya kosa mwaka 2010, mbunge mwingine, Steve Mbikayi, akaleta wake 2013, hakuna uliopita. Kifungu cha 40 cha katiba kinasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti, na mtoto aelezwe hivyo bila kufichwa. Aelezwe pia kifungu cha 16: mtu ni mtakatifu, na Serikali ina wajibu wa kumlinda. Hakikusema mtu gani.

Mama mmoja aliniambia kwamba kumweleza mtoto ni kumfundisha. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Mtoto ameshasikia, tena kwa matusi: kwenye uwanja wa shule, kwenye simu ya kaka yake, hata kanisani. Ameshaona kijana mwenye sauti laini akizomewa njiani. Kilichobaki ni kujua kama nyumbani kwao kuna mtu atakayemwambia kuzomea huko ni ubaya. Mzazi anayeshika mafundisho ya kanisa lake ayaseme, ni haki yake. Lakini katika pumzi hiyo hiyo aseme kwamba kumpiga mtu, kumfukuza kwenye nyumba anayolipia au kumtisha ili atoe pesa ni kosa mbele ya sheria.

Kwa mdogo wa miaka 6 inatosha kumwambia: wapo watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, na hawatukanwi.

Tena mkumbuke, huenda anayeuliza anajiulizia mwenyewe. Ukimkaripia, hatarudi kwako. Atakwenda kuuliza kwa watu usiowajua.