Kiswahili Kwenye Meza ya Useremala

Wanachama wa chama hiki tumezoea kuisikia, katika kila kongamano, hoja kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia. Hupigiwa makofi, kisha tukaenda kula. Katika makala haya naomba tuitoe hoja hiyo ukumbini tuipeleke kwenye meza ya useremala, katika shule moja ya kaunti ya Migori nilikofundisha kabla ya kurejea chuoni kwa shahada ya uzamili.

Tangu Gredi ya 7 ilipoanza nchini Kenya mwaka 2023, wanafunzi wa sekondari msingi husoma somo la awali la ufundi. Shule yetu ilikuwa imeazimwa mashine ndogo ya kuchongea, ya kukaa mezani, inayoendeshwa na kompyuta. Mwanafunzi huchora umbo kwenye kompyuta. Programu huugeuza mchoro kuwa amri za nambari. Kisha ncha ya chuma izungukayo kwa kasi hufuata mihimili mitatu, yaani kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, ikiila mbao kidogo kidogo. Kundi moja liliamua kuchonga ubao wa ajua, mchezo wa Waluo ulio ndugu wa bao letu.

Nilifurahi, nikawaagiza waniandikie insha kueleza walivyofanya. Kiongozi wa kundi, msichana aliyekuwa hodari kuliko wote pale mezani, aliniletea mistari minne. Kila alipofikia kifaa aliandika "kile kitu". Wiki iliyotangulia msichana huyohuyo alikuwa ameniandikia kurasa mbili kuhusu safari ya Mombasa ambayo hakuwahi kuifunga, zenye jogoo waliowika, jua lililochomoza kwa madaha na tashbihi kumi na moja. Nilimpa alama za juu. Tashbihi zile nilimkaririsha mimi mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo suala ninalotaka kulijadili. Tumemfundisha mtoto wa Migori na Homa Bay Kiswahili cha kueleza asichokiona, tukamwacha bubu mbele ya alichokitengeneza kwa mikono yake.

Wala si kwamba lugha haina maneno. Tezo, patasi, randa, tupa, jiriwa, keekee na parafujo yamo katika kamusi zetu. Parafujo lilitoka kwa Wareno, na hakuna kamati iliyoketi kulipitisha. Msasa ni mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, ambayo mafundi walisugulia mbao. Karatasi ya kusugulia ilipofika, ikarithi jina la mti. Ndivyo istilahi zinavyozaliwa. Sisi wasomi tulibishana miaka mingi kati ya tarakilishi na ngamizi, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Hata bao lenyewe, lenye mashimo 32 na kete 64, lina shimo liitwalo nyumba, lina kichwa na kimbi. Aliyeuchonga ubao wa bao aliyajua yote hayo kabla ya kuinua tezo.

Wapo watakaosema kwamba somo la ufundi hufundishwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa Kiswahili asijitie. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetafuta alama. Lakini tukumbuke yaliyoupata mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Wazazi walichanga wakajenga karakana, watoto wakafundishwa useremala. Mtalaa ulipopunguzwa mapema miaka ya 2000, karakana nyingi ziligeuka maghala ya madawati yaliyovunjika. Kwa maoni yangu, sababu mojawapo ni kwamba ufundi ule ulikuwa wa mtihani tu. Haukuwa na mazungumzo na fundi aliyekuwa barabarani, nje ya lango.

Nasema hivi kwa sababu ya tukio moja. Umeme ulikatika safu ya pili ya mashimo ikiwa nusu. Mashine kama ile ikizimika ghafla husahau ilipofikia, na kuirudisha mahali pale hasa ni kazi ya jasho. Mjomba wa mmoja wa wanafunzi, mjenzi wa mashua upande wa Homa Bay, alikuwa amekuja kumtembelea mpwawe. Aliutazama ubao, akaomba patasi, akamalizia mashimo kwa mkono huku akieleza, kwa Kiswahili cha ziwani kilichochanganyika na Kidholuo, jinsi nyuzi za mbao zinavyokwenda na kwa nini shimo moja la mashine lilikuwa limebanduka ukingoni: ncha ilikata kinyume cha nyuzi. Niliwarudishia daftari. Safari hii yule msichana aliandika ukurasa mzima. Ulikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi, na sikuyahesabu.

Pendekezo langu kwa wanachama wenzangu ni dogo. Anayekwenda mazoezi ya kufundisha upande huo na achukue daftari, afike Tabaka, si mbali na Rongo, wanakochonga mawe laini, afike Mbita na Muhuru Bay kwa wajenzi wa mashua, aulize kila kifaa kinaitwaje, kisha jarida hili lichapishe orodha. Pale ambapo fundi ana neno la Kidholuo au la Ekegusii pekee, lichukuliwe hilo. Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa kwa jirani.

Orodha yangu ina maneno 31. Ile ncha izungukayo bado inanitatiza. Wanafunzi waliiita jino. Mjomba aliiita keekee, ingawa keekee hutoboa ikisimama mahali pamoja, na hii hutembea. Mwenye jina jingine na alilete.