Shomoro wa lupango

Juma hili tuongee juu ya shomoro. Tukianika mahindi kabla ya kusagisha, yeye anafika mbele ya kuku. Bunga ni bei kali, kila punje inahesabiwa. Kwa hiyo tunaacha watoto wampige kwa manati.

Lakini angalieni anavyolisha makinda yake. Yakiwa madogo anayaletea zaidi viwavi na wadudu wengine, tangu asubuhi hadi jioni. Viwavi ndivyo vinavyomaliza mahindi yetu shambani.

Mwaka 1958 serikali ya China iliamuru watu waue shomoro ili kuokoa nafaka. Wadudu wakazidi, nzige wakala mashamba, njaa ikawa kali zaidi. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa katika orodha ya maadui.

Basi tufanye hivi. Mahindi yakiwa juani, mtoto mmoja akae karibu na kijiti cha kufukuzia. Kiota chenye makinda chini ya mabati kiachwe. Na manati tuyaweke mbali: jiwe likikosa ndege, linaweza kupata jicho la mtoto wa jirani.