ARZIHALI SI UASI

Wako wenzetu wasemao ya kuwa karani wa serikali asiiguse karatasi yoyote iitwayo arzihali, hasa ikiwa yahusu daftari la wapiga kura. Husema, "Sisi ni watu wa ofisi, tutaonekana wapinzani." Maneno hayo tumeyasikia mno, na leo twataka kuyajibu.

Kwanza, na watuonyeshe sheria. Ibara ya 5 ya Katiba imempa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na ibara ya 26 imempa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba hiyo ihifadhiwe. Haikusema "ila makarani." Kweli, mtumishi hapaswi kufanya kampeni za chama akiwa kazini, na jambo hilo twalikubali kwa moyo. Lakini kuomba jina la jirani liandikwe daftarini si kampeni, kwani hatujui jirani huyo atampigia nani, wala haituhusu.

Hofu hii ni urithi. Mwaka 1953, zama za Gavana Twining, serikali iliwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa TAA. Katazo lile lilikwisha kufa zamani, lakini wako wanaolitii hata leo! Tena tukumbuke uchaguzi wa 1958. Mtu hakuandikwa ila awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi kilichotakiwa, au cheo fulani. Karani aliweza kupita mlango huo. Mvuvi aliyemlisha karani alibaki nje. Deni hilo hatujalilipa.

Na yule asemaye kwamba kulalamika ni kupoteza wino, atazame Ngorongoro. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, na wenyeji wengi wakakuta vituo vyao vya kura vimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka maboma yao. Watu walijaa barabarani kwa maelfu. Mmoja wao akaenda Mahakama Kuu, Arusha, na tarehe 22 Agosti mahakama ikalisimamisha tangazo. Hatusemi shida zao zote ziliisha, hazikuisha. Twasema karatasi ile ilisomwa. Tena mwaka 2020 sheria ilimtaka afunguaye shauri la namna hii aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Basi maelezo ya watu hayana budi kuandikwa sawasawa, na ni nani ajuaye kuandika sawasawa kama si karani?

Hapa Chole haki haikufutwa kwa tangazo. Hupotea kwa kalenda. Daftari lilipoboreshwa mwaka 2024 na 2025, kila eneo lilipewa siku saba. Siku saba kwa mtu wa mjini ni nyingi. Kwa mvuvi aliye dago si kitu, maana arudipo mashine zimekwisha kufungwa na kupakiwa. Giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa wako baharini na taa zao. Bamvua likiingia, akina mama wako mwambani wakitafuta pweza. Aliyezipanga siku hizo hakuwa na nia mbaya, twaamini, lakini hakuuuliza mwezi. Na kijana aliyetimiza miaka 18 akiwa dago, au mzee aliyepoteza kadi yake majini, atangoje mpaka lini?

Twaomba siku 14, na mbalamwezi iwemo ndani yake, ili wa taa na wa mwambani wote wapate siku ya kuwa nyumbani.

Rasimu ya arzihali kwa Tume imekwisha andikwa. Wanachama walioko Juani, Jibondo na Utende twawasihi watuletee, kabla ya mwisho wa mwezi, majina ya waliokosa kuandikwa, kila mmoja na sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, na alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika.